Vipandio Kumi na Tisa

Gari letu tuliliegesha kilimani makusudi,
pua ikitazama mteremko,
kwani betri ilikufa tangu majani yalipoanza kupukutika
na Tkibuli nzima hapakuwa na nyingine.
Simu ikilia (siku ambazo simu ililia)
Badri aliondoa jiwe kwenye gurudumu,
sisi tukasukuma
mpaka lile ZIL kongwe likohoe mara mbili, tatu,
liwake karibu na duka la viatu lililofungwa.
Lisipowaka hapo,
mbele yake ulikuwa mto.

Watu wanne, jozi tatu za buti.
Na ya tatu, tuseme ukweli, zote mbili zilikuwa za kushoto.
Nugzari alizivaa miaka sita.
Hata leo akitembea huenda upande
kama mlango uliochomoka bawaba.

Mipira ya maji tuliishona wenyewe
kwa uzi wa magunia na tyubu za baiskeli.
Nilikijua kila kiraka:
hiki cha moto wa ghala la chai,
hiki cha panya,
hiki sikumbuki, labda cha panya tena.
Maji yalitoka ubavuni kuliko mdomoni.
Watoto wakatuuliza,
mmekuja kuzima au kuoga?

Petroli, lita kumi kwa wiki.
Otia, mkuu wetu, alichovya kijiti tangini,
akakiinua kwenye mwanga wa dirisha
kama daktari na kipimajoto,
akasema, "Moto mmoja. Na uwe wa karibu."

Umeme siku zile ulikuja kama mgeni mkubwa:
saa moja, usiku wa manane, bila taarifa.
Watu walijifulia majiko ya bati,
wakatoboa madirisha, wakachomoza mabomba,
na kila ghorofa likawa linavuta sigara.
Tuliyaona mabomba yale kutoka kituoni.
Tuliyahesabu. Tungefanya nini zaidi?

Januari, mtoto wa Zaira mfamasia
alikuja mbio gizani, mguu mmoja una soksi.
Gari liliwaka. Hata sisi tulishangaa.
Tukafika, nikafungua vali:
kimya.
Pampu ilikuwa barafu tupu.

Ndipo wanawake wa mtaa ule wakatoka
na mabirika, na mabeseni, na chupa za chai,
na mmoja na sufuria ya maharagwe yanayotokota,
akasema, "Ndiyo niliyo nayo,"
akaimwaga yote juu ya chuma.
Maji ya moto hayachomi nyumba, kila mtu anajua.
Sikuwa nikijua kwamba yanaweza kuiokoa.
Vali ikalia, ikalegea,
na tukaizima nyumba ya Zaira
huku pampu ikinukia giligilani.

Chini tuliizima.

Juu alikuwa Valiko, baba mkwe wake,
aliyekuwa akinitengenezea saa yangu bila kunitoza.
Ngazi yetu ilikuwa na vipandio kumi na tisa.
Dirisha lake lilitaka ishirini na mbili.
Badri alisimama kwenye cha mwisho,
mimi nikiwa nimemshika vifundo,
akanyoosha mikono yote miwili.

Ile saa bado ninayo. Inachelewa.

Mwaka jana walinialika kituo kipya.
Milango ya kioo, buti zimepangwa kwa namba,
kulia na kushoto.
Kijana mmoja, Lasha, alinionyesha ngazi
inayopanda kwa kubonyeza kitufe.
Nikamwomba nibonyeze mimi.
Ikapanda bila kelele, kipandio juu ya kipandio,
nami midomo ikichezacheza kama mtu anayesali.
Ilipopita ishirini na mbili
nikaacha kuhesabu, ila kidole sikukiondoa,
mpaka ngazi ikasimama yenyewe huko juu,
haijaegemea kitu.

Lasha akaniuliza kama ningependa chai.
Nikasema ndiyo,
yenye moto sana.